Mwenye mnyama asikilizwe, daktari wake apewe nyenzo

Katika Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, mnyama ni mwenzi wa maisha ya mwananchi. Ng'ombe mmoja au wawili waliofungwa nyuma ya nyumba ndiyo akiba ya mkulima. Mbuzi ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji sare na madaftari ya skuli. Punda na ng'ombe wa gari ndio wanaobeba mchanga, kuni na mavuno ya shamba. Mbwa hulinda mazao na hufuatana na wasasi porini. Na paka, aliyeenea katika kila kichochoro cha Mji Mkongwe, ndiye mlinzi wa ghala na jiko dhidi ya panya. Kwa hiyo suala la nani anayewatibu wanyama hawa, anafika lini anapoitwa, anatoza kiasi gani na anawajibika kwa nani, si suala la anasa wala la watu wachache wenye nafasi. Ni suala la riziki, na kama tutakavyoonyesha, ni suala la uhai wa binadamu wenyewe.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukisikia maneno ya wenye wanyama kuhusu madaktari wa mifugo wa sehemu zao. Maneno hayo husemwa barazani, sokoni na gatini, lakini ni machache mno yanayofika katika meza ya mtendaji anayeweza kuyafanyia kazi. Leo tumeona ni wajibu wetu kuyakusanya, kuyapima kwa insafu, na kuyaweka mbele ya wananchi na viongozi kwa pamoja. Hatukusudii kumtaja mtu wala ofisi, kwa kuwa kasoro tunazozizungumza si za mtu mmoja bali ni za utaratibu mzima.

Tuanze na mema, kwani anayetaja kasoro peke yake huwa hakutenda haki. Wapo wafugaji wengi wanaomshuhudia daktari au bwana mifugo wao kuwa ni mtu anayeamka usiku wa manane ng'ombe anaposhindwa kuzaa, akapanda pikipiki yake mwenyewe, akatia mafuta kwa fedha zake, na akamtoa ndama kwa mwanga wa tochi. Wapo wanaosema kwamba bwana huyo hurudi siku ya tatu bila ya kuitwa ili kumtazama mgonjwa wake. Wapo waliofundishwa naye namna ya kutafuta kupe ndani ya masikio na chini ya mkia, na namna ya kuosha chuchu kabla ya kukamua. Watumishi wa aina hii wanayo haki ya kushukuriwa hadharani, maana sifa yao haiandikwi popote isipokuwa katika nyoyo za waliosaidiwa.

Ama malalamiko nayo ni mengi, na ukiyachuja yanabaki mambo manne. La kwanza ni kuchelewa. Mwenye mnyama anapiga simu asubuhi, anaahidiwa mchana, na mchana unageuka kesho. Daktari anapofika, ng'ombe keshalala chini. La pili ni malipo. Bei haitajwi kabla ya kazi, hutajwa baada ya sindano; jirani aliyetibiwa mnyama kwa maradhi yale yale ametozwa kiasi kingine, na wote wawili hawakupewa stakabadhi. La tatu ni kutoelezwa. Mwenye mnyama haambiwi ni maradhi gani, ni dawa gani, wala maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe kwa siku ngapi. La nne ni dharau. Mwenye ng'ombe wa kisasa husikilizwa. Mwenye punda huambiwa punda hafi. Mwenye mbwa hutazamwa kwa mashaka. Na mwenye paka huchekwa, kana kwamba amekuja kupoteza wakati wa Serikali.

Tunapoyatazama mambo haya manne, tusikimbilie kumtupia lawama daktari kabla ya kuuliza huduma yenyewe ilijengwa kwa kusudi gani. Huduma ya mifugo ya nchi yetu ilijengwa kupigana na maradhi ya makundi, na katika vita hivyo imepata ushindi ambao kila Mzanzibari anayo haki ya kujivunia. Kwa miaka mingi mbung'o wa Unguja, waliojificha katika msitu wa Jozani na vichaka vingine, waliwaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Baina ya 1994 na 1997 wataalamu wetu, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, waliwamaliza mbung'o hao kwa hikima ya ajabu. Madume walizalishwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakaachiliwa juu ya kisiwa kwa ndege, wiki baada ya wiki, hadi majike wa porini wakawa hawapati dume wa kuwazalisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Wageni wa nchi nyingi wamejifunza kutokana na kazi hiyo.

Lakini huduma iliyozoea kuwahesabu ng'ombe kwa maelfu haikuandaliwa kumtazama ng'ombe mmoja wa mjane mmoja. Kampeni ina bajeti yake, magari yake na wafadhili wake. Mgonjwa mmoja aliyelala nyuma ya nyumba hana bajeti; anamtegemea mtumishi aliyekabidhiwa eneo kubwa, asiye na chombo cha usafiri cha kuaminika wala sanduku kamili la dawa. Hapo ndipo kunakozaliwa kuchelewa, na hapo ndipo kunakozaliwa bei zisizoeleweka, maana mtumishi anayenunua mafuta na dawa kwa fedha zake hana budi kuzirudisha kutoka kwa mfugaji. Sisi hatumtetei anayetoza kupita kiasi. Tunasema tu kwamba utaratibu unaomlazimisha mtumishi wa umma kufanya biashara ndogondogo ili atimize wajibu wake, haumwachi mfugaji na njia ya kujua ipi ni gharama na ipi ni tamaa.

Na kuchelewa kwenyewe si jambo dogo. Chukua mfano wa ndigana kali, maradhi yanayoletwa na kupe, ambayo ni adui mkubwa wa ng'ombe wa maziwa wenye damu ya kigeni. Dalili zake za mwanzo ni homa na kuvimba kwa tezi, hasa zile za chini ya sikio na mbele ya bega. Dawa yake ipo na inafaa, lakini inafaa ikitolewa mapema. Ikisubiriwa mpaka mapafu yamejaa maji na mnyama anatoa povu puani, hata daktari aliyebobea hana la kufanya. Baina ya sindano iliyoponya na sindano iliyopotea bure huenda pakawa na siku mbili au tatu tu. Kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja, siku mbili hizo ndizo zinazoamua kama mwaka huu ana maziwa au ana deni.

Daktari asipofika, mwenye mnyama hujitibia. Hili nalo tunalisema wazi kwa kuwa madhara yake hayajulikani na wengi. Paka akipata homa, mwenyewe kwa huruma humsagia kidonge cha panadol alichokinunua dukani kwa ajili ya mtoto. Dawa hiyo ni sumu kwa paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama mwili wetu unavyoweza, damu yake hushindwa kubeba hewa safi, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Vivyo hivyo, dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye pemethrini, ikipakwa paka humtia mtetemeko na huenda ikamtoa roho. Wapo wenye paka waliolia juu ya mnyama wao wakidhani kuwa maradhi ndiyo yaliyomuua, kumbe ni tiba. Neno moja la daktari kwa simu lingetosha kuwazuia.

Kwa ng'ombe na kuku hatari ni ya namna nyingine. Dawa za kuua vijidudu, kama oksitetrasaiklini, hutumiwa kwa kila kikohozi na kila kuharisha, tena nusu dozi, kwa kuwa chupa ni ghali. Nusu dozi huwaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, na wenye nguvu hao wakishaenea, dawa hiyo haitamfaa mnyama, na mwisho haitamfaa mtu. Aidha, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano huwa na mabaki ya dawa kwa siku kadhaa. Kila dawa ina muda wake wa kusubiri, nao umeandikwa kwenye karatasi yake. Mfugaji asiyeambiwa huyauza maziwa hayo jioni ile ile, na mnunuzi humpa mtoto wake. Hapo kutoelezwa kwa mtu mmoja kumekuwa ni dhara kwa mtaa mzima.

Tunafika sasa kwa mbwa, na hapa tunaomba wasomaji wetu, hasa viongozi, watusikilize kwa makini. Kichaa cha mbwa ni maradhi ambayo dalili zake zikishamtokea binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Takriban watu wote wanaokufa kwa maradhi haya duniani huwa wameambukizwa na mbwa. Lakini ni maradhi yanayozuilika kabisa. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na kiwango hicho kikadumishwa mwaka hadi mwaka, maradhi hukosa njia ya kupita. Mashirika ya kimataifa ya afya ya watu, ya wanyama na ya chakula yameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu yeyote duniani kwa kichaa kinachotokana na mbwa.

Ndugu zetu wa Pemba wamekwisha kutuonyesha kwamba lengo hilo si ndoto. Kisiwa hicho kilifuatiliwa kwa miaka mingi, aliyeumwa kwa aliyeumwa na mbwa kwa mbwa. Chanjo zilipofanywa kwa ukamilifu, kichaa cha mbwa kilitoweka Pemba 2014. Miaka miwili baadaye, 2016, kikarudi, kimeletwa na mbwa waliosafirishwa na watu kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaanzishwa upya katika kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimeondolewa tena. Mafunzo ni mawili, nayo ni bayana. Kwanza, tunaweza. Pili, tukilegea, au tukiacha mbwa avuke bahari bila ya cheti cha chanjo, jahazi moja latosha kuturudisha tulikotoka.

Hapa ndipo uhusiano wa mwenye mbwa na daktari wa mifugo unapokuwa ni jambo la usalama wa raia. Mwenye mbwa aliyepokewa vizuri mwaka jana atarudi mwaka huu na mbwa wake wote, pamoja na watoto wao. Na watoto hao wasiachwe nyumbani kwa dhana kwamba ni wachanga mno, maana wataalamu wamethibitisha kuwa chanjo haiwadhuru hata wakiwa chini ya miezi mitatu. Lakini mwenye mbwa aliyefokewa, aliyesubirishwa juani mpaka dawa zikaisha, au aliyechekwa, hatarudi. Mbwa wake atabaki bila ya chanjo, na kiwango cha saba katika kumi kitapungua kwa sababu ya ulimi wa mtumishi mmoja.

Tena yapo mambo ambayo daktari peke yake ndiye awezaye kuyafundisha, na wengi wetu bado hatuyajui. Mtu akiumwa na mbwa au paka, la kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kwa ajili ya chanjo bila ya kungoja dalili. Desturi ya kumpiga mbwa marungu mpaka afe na kumfukia ni kosa. Mbwa aliye hai, akifungwa mahali salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, ndiye shahidi mkubwa: akibaki mzima, hakuwa na kichaa siku aliyouma. Na akifa, ubongo wake ukipimwa maabara utasema kweli. Ukimfukia, umemfukia shahidi, na mgonjwa anabaki na hofu isiyo jibu. Kwa hiyo haifai kabisa hospitali ya watu na ofisi ya mifugo zifanye kazi kama majirani waliokosana. Kila aliyeumwa anayeandikishwa hospitali, habari yake imfikie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tunajua kwamba wapo watakaosema mbwa ni najisi, na kumshughulikia ni karaha. Wengi wetu Visiwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na tangu chuoni tumefundishwa kukitwaharisha kilichoguswa na mate ya mbwa kwa kukiosha mara saba, moja yao kwa udongo. Lakini chuo hicho hicho ndicho kilichotufundisha habari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Hukumu ya twahara inatueleza namna ya kujisafisha baada ya kazi. Haikumpa mtumishi ruhusa ya kuiacha kazi, wala haikumwondolea mwenye mnyama dhima ya amana aliyonayo.

Wenye wanyama nao wasijione kuwa hawana taksiri. Daktari huitwa wakati dawa za mitishamba, za jirani na za dukani zimekwisha kujaribiwa zote, na anapouliza mnyama amepewa nini, hujibiwa kuwa hakupewa kitu. Wapo wanaoficha kuwa ng'ombe ametupa mimba ili wamuuze haraka, na kwa kufanya hivyo humuuzia mwenzao maradhi yanayoweza kumwingia mtu kwa maziwa mabichi. Wapo wanaomtwika punda mwenye kidonda cha mgongo mpaka nyama inaonekana, wakijisingizia msemo wa punda afe mzigo ufike. Wapo wanaowatupa watoto wa paka sokoni ndani ya kiroba, na hali kuhasi kupo. Na wapo wanaotibiwa mnyama kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, kisha hubadilisha njia kila wamwonapo daktari. Asiyetimiza wajibu wake hudai haki kwa sauti dhaifu.

Baada ya kuyapima yote hayo, tunayo mapendekezo tunayoyaweka mbele ya wakuu wanaohusika, na hayahitaji mamilioni.

Kwanza, katika kila ofisi ya sheha libandikwe tangazo lenye jina la mtaalamu wa mifugo wa eneo hilo, namba yake ya simu, na bei ya kila huduma. Malipo yote yatolewe stakabadhi. Mfugaji anayejua bei kabla ya kuita hatachelewa kuita kwa hofu ya bei.

Pili, kabla ya kufikiriwa majengo mapya, mtaalamu wa shamba apatiwe chombo cha usafiri, mafuta yake, na sanduku la dawa za lazima. Kumlaumu kwa kuchelewa mtu tuliyemnyima chombo ni dhulma.

Tatu, kila mnyama anayetibiwa, mwenyewe apewe karatasi yenye jina la maradhi, jina la dawa, kiasi chake, na siku za kusubiri kabla ya maziwa au nyama kuliwa. Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Daktari anayefuata ataikuta, na mnunuzi wa maziwa anayo haki ya kuiulizia.

Nne, mwenye mnyama aelezwe pa kupeleka lalamiko lake, na nani atamjibu. Tanzania Bara ipo Sheria ya Veterinari ya 2003, iliyounda Baraza la kuwaandikisha madaktari wa wanyama na kusimamia maadili yao. Mwananchi wa Visiwani naye ajulishwe waziwazi mlango wake ni upi, na jibu lipatikane kwa muda uliowekwa. Lalamiko lisilo na pa kwenda hugeuka uvumi, na uvumi huwaumiza wataalamu wema pamoja na wabaya.

Tano, chanjo ya mbwa na paka ifanywe kila mwaka bila ya kukosa, Unguja na Pemba kwa msimu mmoja, na siku zake zitangazwe misikitini, skulini na redioni. Bandarini na katika madiko, mbwa asiyekuwa na cheti asishushwe. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi mara nyingi kuliko chanjo ya mtu mmoja aliyekwisha kuumwa, na hilo peke yake latosha kumshawishi mtunza hazina yeyote.

Tunatambua kuwa mtihani wa huduma ya umma hauko katika siku za kampeni, wakati magari yapo na wageni wapo. Uko katika siku ya kawaida, mama wa shamba anapopiga simu kusema kwamba ng'ombe wake hali majani tangu jana. Ikiwa simu hiyo itapokewa, bei itatajwa, mtaalamu atafika kabla ya jua kuchwa, na mama huyo ataachiwa karatasi mkononi, basi tutakuwa tumeijenga huduma inayostahili jina lake. Tunawataka wakuu wanaohusika waanze na shehia chache, watupe taarifa ya walichokiona, na sisi tunaahidi kuyachapisha ya wenye wanyama na ya madaktari wao kwa usawa.